Namna ya kufanya utafiti wa kimaelezo unaosaidia kuamua tiba

Vitabu vya MTUHA, yaani rejista za mfumo wa taarifa za huduma za afya, vitakuambia wagonjwa wangapi wa presha walihudhuria mwezi uliopita na wangapi hawakurudi. Sababu hazimo humo. Ukiamua bila kuzijua sababu, ukaongeza dozi, ukamwandikia mtu dawa ya tatu au ukampa rufaa ya Maweni, hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Kigoma, unaweza kuwa umefuata mwongozo wa matibabu mstari kwa mstari na mgonjwa akabaki palepale.

Mimi ni tabibu. Kwa miaka mingi nimehudumu katika vituo vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wa kusini mwa Kigoma, katika Wilaya ya Uvinza, ambako mgonjwa anafika kituoni kwa boti na anaondoka boti inapoondoka, awe amemaliza kuhudumiwa au la. Ninawaandikia wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, matabibu, wauguzi, wataalamu wa dawa, pamoja na wanafunzi wanaoletwa huku kwa mafunzo ya vitendo wakiwa na hojaji ya maswali arobaini ya ndiyo na hapana. Kuhoji watu kwa utaratibu, kwa lengo la kuamua vizuri, ni kazi unayoiweza hata kama kituo chako hakina kompyuta.

Anza na swali linalostahili njia hii

Utafiti wa kimaelezo hukusanya maneno ya watu, mwenendo wao na mazingira yao, kisha ukayachambua kwa hatua ambazo mtu mwingine anaweza kuzifuata na kuzikagua. Hatua hizo ndizo zinazoutenganisha na mazungumzo ya kijiweni.

Kuna maswali hauyawezi. Dawa ipi inashusha presha zaidi? Hilo linahitaji majaribio ya kitabibu yenye makundi ya kulinganisha. Wagonjwa wangapi wilayani wameacha dawa? Hiyo ni kazi ya takwimu. Lakini ukijiuliza kwa nini mtu ana dawa ndani na hazinywi, nani nyumbani anaamua mama aende kujifungulia wapi, au kwa nini mtoto mwenye degedege anafika kwako akiwa amechelewa, hapo ndipo mahojiano yanapokuwa na nguvu kuliko jedwali lolote.

Hilo la degedege halikuanzia kwangu. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 walikuta kwamba wazazi wengi hawakuihesabu degedege kuwa malaria. Waliiona kama ugonjwa wake wenyewe, wenye asili ya mashetani, unaotibiwa kwanza kienyeji, na baadhi waliogopa kwamba sindano ingemuua mtoto. Fikiria umekaa zahanati unatoa elimu ya malaria kila Jumatatu kwa mama ambaye, kwa uelewa wake, mtoto wake hana malaria. Unaweza kuhubiri mwaka mzima. Ukishajua hivyo unabadili unachokisema, na unaanza kuzungumza na waganga wa kienyeji pia, kwa sababu kwao ndiko mtoto anakopita kwanza.

Shirika la Afya Duniani nalo limekwenda njia hii. Lilipotoa mapendekezo ya huduma kwa wajawazito mwaka 2016, yaliyopandisha mahudhurio kutoka manne hadi angalau manane, lilitumia pia mapitio ya tafiti za kimaelezo kuhusu kile wanawake wenyewe wanachokitaka kwenye kliniki. Hapa Kigoma, kuanzia mwaka huohuo, baadhi ya vituo vilijaribu kumruhusu mama awe na msindikizaji wakati wa uchungu. Maoni ya akina mama kwamba wanaachwa peke yao chumba cha kujifungulia yalikuwa yakisikika miaka yote. Yalipokusanywa na kuchambuliwa katika nchi nyingi, yakawa hoja ambayo wakuu wa hospitali hawawezi kuipuuza.

Mzee na kidonge cha kukojoza

Nichukue kisa kimoja nikieleze kwa urefu, maana kinaonyesha kazi nzima. Nimeondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mhusika.

Mzee wa kijiji cha wavuvi, presha yake haishuki. Kila akija kliniki inasoma juu. Faili lake linaonyesha dozi ikipanda hatua kwa hatua: dawa ya kwanza, ya pili, kisha kidonge cha kukojoza. Kila mara ameulizwa, "Unakunywa dawa?" na kila mara amejibu, "Nakunywa." Hatua iliyokuwa inafuata kwenye mwongozo ni kuongeza nyingine.

Tulikuwa tumeanza mahojiano na wagonjwa wa presha, na yeye akawa mmoja wao. Tulimfuata kwake. Muuguzi aliyemhoji hakuwa yule anayegawa dawa. Baada ya shikamoo na marahaba, habari za ziwa na za wajukuu, hakumuuliza kama anakunywa dawa. Alimwambia, "Baba, nisimulie siku ya jana, tangu ulipoamka mpaka ulipolala." Mzee akasimulia: chai, vidonge, kwenda mwaloni kuangalia nyavu, kurudi. Vizuri. Kisha akaambiwa, "Sasa nisimulie siku unayokuja kliniki." Mzee akanyamaza. Muuguzi naye akanyamaza, hakumkimbilia kwa swali lingine. Mwisho mzee akasema, "Mwanangu, boti ikishatoka haisimami. Nami nimekaa katikati ya akina mama na watoto. Nikibanwa nifanye nini?"

Akiwa na safari hanywi dawa. Na kwa kuwa hajui ni kidonge kipi kinachomkojoza, anaviacha vyote, kuanzia jana yake ili awe na uhakika. Siku za mnada anafanya vilevile, kwa sababu mnada uko kijiji cha pili na anakwenda kwa boti.

Tazama maana yake kwa daktari. Siku pekee tunayompima presha ndiyo siku ambayo hajanywa dawa. Tunapandisha dozi kwa kipimo cha siku asiyokunywa, halafu anaporudi nyumbani ananywa dozi kubwa siku asizosafiri. Mtu wa aina hiyo anaweza kupata kizunguzungu akaanguka shambani, na bado faili likasema presha haijadhibitiwa.

Tulichoamua hakikugharimu chochote. Tulimtenganishia vidonge, kile cha kukojoza tukakitia kwenye bahasha yake yenye alama, tukamwelekeza kwamba siku ya safari akinywe akishafika nyumbani, na vingine anywe asubuhi kama kawaida. Dozi haikuongezwa. Tulipoendelea kuhoji wengine wa vijiji vya ziwani tukasikia jambo lilelile, hasa kwa wanawake, ambao kwao kusafiri saa kadhaa ndani ya boti bila mahali pa kujisaidia ni mateso makubwa zaidi. Hapo lilikuwa limeshavuka mgonjwa mmoja. Likawa jambo la kupanga huduma ya mkoba, ili muuguzi awapimie presha kijijini kwao.

Vibali na ridhaa

Ukitaka kufanya utafiti rasmi wa afya unaohusu binadamu hapa nchini, unahitaji kibali cha maadili, na mlango wake ni Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Barua yako itapita kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Kama unasikiliza wagonjwa wa kituo chako kwa ajili ya kuboresha huduma tu, zungumza na Mganga Mkuu wa Wilaya kabla hujaanza, ujue mpaka wako uko wapi. Usikusanye kwanza ukaomba kibali baadaye.

Sauti uliyoirekodi ni taarifa binafsi ya mtu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina ulinzi wa kisheria. Usiiache kwenye simu ambayo mwanao anachezea, wala usiirushe kwenye kundi la WhatsApp la watumishi.

Kuhusu ridhaa ninasisitiza jambo moja kuliko yote. Mgonjwa anakuona wewe ndiye mwenye dawa. Ukimwomba ahojiwe, anadhani akikataa atakosa. Kwa hiyo mwambie kwa mdomo, polepole, kwa lugha yake, kwamba akikataa dawa zake ziko palepale, na mwambie tena katikati ya mazungumzo. Asiyejua kusoma asomewe fomu mbele ya shahidi anayemwamini mwenyewe, ndipo aweke dole gumba. Kwa wakimbizi wa Nyarugusu tahadhari inazidi. Kuingia kambini kuna kibali chake cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na mtu aliyezoea kuhojiwa kwa ajili ya kuandikishwa, kurejeshwa kwao au kupelekwa nchi nyingine atakujibu kwa kile anachodhani kitaamua hatima yake. Mweleze waziwazi kwamba mazungumzo yenu hayahusiani na hayo, na usianze mpaka uone ameelewa.

Nani wa kumhoji, na lini

Wagonjwa unaowakuta kliniki ni wale waliorudi. Waliokuacha wako vijijini, na ndio wenye jibu unalolitafuta. Tumia rejista kuwapata, pamoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejua nyumba zao. Chagua kwa makusudi watu wa hali tofauti: anayetumia dawa vizuri, aliyeacha, aliyehamia kwa mganga, mke anayemkumbusha mumewe, na mwenye boti pia. Usisahau wahudumu wenzako, hata kama hawatapenda kuhojiwa.

Wangapi? Watu wengi huniuliza hivi wakitaka idadi ya kuandika kwenye andiko. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2006, uliotokana na mahojiano na wanawake 60 wa Ghana na Nigeria, uliona kwamba mambo makuu yalikuwa yameshajitokeza katika mahojiano 12 ya kwanza. Usiichukue hiyo kama amri. Wale walikuwa watu wanaofanana wakiulizwa jambo moja. Wewe endelea mpaka mahojiano mapya yawe hayakuongezei kitu, na kama una wavuvi na wakulima, hakikisha umefika hapo kwa kila kundi.

Kuhusu muda, fuata ziwa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa hiyo wakati huo mvuvi analala mchana na hakuhitaji. Nenda siku za mbalamwezi, wavuvi wakiwa nchi kavu wanashona nyavu. Zingatia pia msimu wa maisha yenyewe. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, mtu ukimuuliza kwa nini hakuja kliniki angekujibu nauli, na angekuwa mkweli, lakini jibu lake la Oktoba lingeweza kuwa jingine. Andika tarehe na hali ya wakati huo juu ya kila mahojiano. Kwa upande wa milimani, Kasulu na Buhigwe, usiende wakati wa kupanda maharage ukategemea watu wakae nawe saa nzima.

Namna ya kuuliza

Vua koti jeupe. Kaa chini kama wenyeji wamekaa chini. Hoji mahali ambapo mama mkwe hasikii, kama anayehojiwa ni mkamwana. Ukihitaji mkalimani wa Kiha, Kibembe au Kitongwe, asiwe ndugu wa mwenyekiti wa kijiji, na umwelekeze afasiri alichosikia bila kukifupisha. Nimewahi kumsikia mgonjwa akizungumza muda mrefu kwa hisia, mkalimani akaniambia, "Anasema ni umbali." Yote yaliyobaki yalipotea, na ndiyo tuliyokuwa tumeyafuata. Rekodi kwa lugha aliyotumia mtu, tafsiri baadaye.

Swali la kukufungulia njia ni lile linaloomba simulizi. "Mara ya mwisho ulipoacha kidonge, siku hiyo ilikuwaje?" "Siku ulipoambiwa una presha, ulikwenda kumwambia nani kwanza?" "Nyumbani nani anajua?" Kwa mama aliyejifungulia nyumbani: "Uchungu ulipoanza, nani alikuwepo, na nani alisema nini?" Hili la mwisho linakupeleka moja kwa moja kwenye zile chelewa tatu ambazo Sereen Thaddeus na Deborah Maine walizieleza mwaka 1994: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Simulizi nzuri itakuonyesha mama alikwama kwenye ipi, na dawa ya kila moja ni tofauti. Gari la wagonjwa halimsaidii aliyesubiri ruhusa ya mumewe aliyeko kambi ya uvuvi.

Epuka "kwa nini hukuja?" Inasikika kama kesi. Na ukishauliza, nyamaza. Sisi wahudumu tumezoea foleni ndefu, tunamkata mtu kabla hajamaliza sentensi ya pili. Kwenye mahojiano tabia hiyo inaharibu kila kitu.

Majadiliano ya kikundi yanafaa kwa mambo yanayosemeka hadharani, kama nauli, foleni, lugha ya wahudumu. Kwa nguvu za kiume zinazopungua kwa sababu ya dawa, au kwa virusi vya UKIMWI, mhoji mtu peke yake.

Kuchambua

Saa moja ya sauti inakula saa nne hadi sita za kuandika neno kwa neno, na zaidi kama kuna tafsiri. Panga muda huo tangu mwanzo. Ukipata mahojiano matatu, anza kuyasoma kabla hujaendelea, kwa sababu yatakubadilishia maswali.

Utaratibu ulioelezwa na Virginia Braun na Victoria Clarke mwaka 2006 una hatua sita, na unatosha kwa kazi yetu: kuzoeana na data, kuweka alama, kutafuta mada, kuzikagua, kuzipa majina, kuandika. Mimi hutumia karatasi na kalamu za rangi. Pembeni mwa kila kipande naandika neno fupi, "aibu ya boti", "anaacha akipata nafuu", "dawa za jirani". Mwenzangu anasoma karatasi zilezile bila kuona alama zangu, halafu tunakaa kubishana. Mabishano hayo ni sehemu ya kazi yenyewe, yaandike.

Kisha mtafute mtu anayekupinga ndani ya data yako. Kwetu alikuwa mama mmoja anayesafiri kwa boti ileile, na hakuacha kidonge hata mara moja. Kumbe mwanawe ndiye nahodha, na humsimamishia. Mama huyo aliimarisha hoja yetu, kwa sababu alionyesha kwamba shida iko kwenye safari.

Na tafadhali, usiandike "asilimia 70 ya waliohojiwa walisema". Watu hukuwachagua kwa bahati nasibu, asilimia hiyo haina maana, na mtakwimu wa wilaya ataitumia kuitupa kazi yako yote.

Kuipeleka mezani

Kabla hujaomba mabadiliko, pima uzito wa ulichonacho. Kuna njia inayoitwa CERQual, inayotumika kupima matokeo ya mapitio ya tafiti za kimaelezo, na maswali yake manne yanafaa hata kwa kazi ndogo. Kazi ilifanywa kwa uangalifu kiasi gani? Data inaafikiana na hitimisho, au umelivuta? Data ni ya kutosha na ina kina? Imetoka katika mazingira yanayofanana na pale unapotaka kuitumia? Hili la nne hulitumia sana ninaposoma tafiti za presha za Dar es Salaam. Zina mengi ya kunifundisha kuhusu hofu ya kunywa dawa maisha yote. Kuhusu boti hazina neno.

Kwenye kikao cha timu ya afya ya halmashauri, peleka ukurasa mmoja. Juu kabisa andika uamuzi unaouomba na gharama yake. Fuatisha namba za MTUHA, wangapi hawarudi na kutoka vijiji vipi, halafu sababu kama zilivyojitokeza, kila moja na nukuu moja fupi isiyomtaja mtu. Chini weka yale ambayo kazi yako haiwezi kuyasema. Namba zinaonyesha ukubwa wa tatizo, nukuu zinaonyesha pa kushika, na wajumbe wanahitaji vyote viwili ili waidhinishe mafuta ya boti ya huduma ya mkoba. Kama dawa yenyewe ndiyo inayohojiwa, mshirikishe mtaalamu wa dawa na ufuate mwongozo wa matibabu wa taifa. Maneno ya wagonjwa yanakusaidia kuchagua namna na wakati wa kuitumia dawa iliyokwisha kuthibitishwa, hayathibitishi kwamba dawa inafanya kazi.

Uamuzi ukishapita, rudi kijijini ukawaambie waliokupa muda wao kilichoamuliwa, hata kama ni sehemu tu ya walichoomba. Waambie kwenye mkutano wa kijiji, bila kumtaja aliyesema nini. Baada ya miezi michache fungua tena rejista uone mahudhurio na vipimo vya presha vya vijiji vile, kisha uhoji wachache upya, ukianza na wale ambao mabadiliko hayakuwasaidia.